Sarufi ya SAT: anza na mkato

Mdogo wangu wa Uyole, umeuliza sarufi ya SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, uanzie wapi. Anza na mkato. Sisi tunaandika "Nilifika Mwanjelwa, mvua ikaanza" na hakuna anayetukosoa. Kwa Kiingereza sentensi mbili kamili haziungwi kwa mkato mtupu: weka nukta, nukta mkato, au mkato pamoja na kiunganishi. Hapo ndipo nilipoteza alama nyingi, inaniuma mpaka leo.

Halafu upatanisho, yaani kitenzi kukubaliana na kiima chake. Kwenye "The box of books is heavy" ziba "of books" kwa kidole, utaona kitenzi kinafuata "box".

Maswali ya kusoma na kuandika ni 54 kwa dakika 64, kwa hiyo jipime na saa mezani. Programu ya Bluebook, ambayo SAT yenyewe hufanyiwa humo, ina majaribio ya bure, ipakue leo.