Siku tatu mlimani, kilo 17 mgongoni

SWALI: Shikamoo Mama. Mwezi ujao tunapanda milimani, tuko watatu, siku tatu, tunalala huko mara mbili. Ni majira ya joto. Jana nilifungasha begi nikalipima: kilo 17, na maji bado. Mimi mwenyewe nina kilo 58. Mwenzangu mmoja ananiambia niache mfuko wa kulalia, eti kuna joto, koti litanitosha. Kaniambia pia nikate mpini wa mswaki. Nianzie wapi kupunguza?
Mwenye Begi Zito

JIBU: Marahaba mwanangu. Mswaki uache na mpini wake. Utaokoa gramu chache tu, na huku mimi naweka dau kwamba humo begini kuna suruali ya jinzi. Itoe hiyo kwanza. Ni nzito ikiwa kavu, ikilowa ni mzigo kamili, na haitakauka mpaka mrudi.

Na huyo mwenzako msikilize kwa mengine, si kwa hili la mfuko wa kulalia. Kwa kawaida hewa hupoa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mkiacha bondeni nyuzi 26 za mchana, mkaenda kulala mita 2,000 juu yake, huko mchana uleule ni nyuzi 13 au 14. Sasa ngoja jua lizame, mbingu iwe nyeupe bila wingu, na upepo uanze. Alfajiri mwenzako atakuwa anakutazama wewe na mfuko wako.

Mwaga kila kitu sakafuni. Chukua mizani ya jikoni, pima kimoja kimoja, andika. Kisha kila ukishika kitu jiulize: nikikikosa hiki, nitaumia au nitakereka tu? Kitakachokukera kibaki nyumbani: mto, kiti cha kukunja, taulo kubwa, manukato, shati la kupigia picha, chupa nzima ya shampuu. Utakachoumia kwa kukikosa hakina mjadala hata kama hukitumii: koti la mvua, nguo ya joto, tochi ya kichwani, plasta na dawa zako, kiberiti kilichofungwa kwenye nailoni, filimbi, ramani. Simu ina ramani, najua, lakini betri hulegea kwenye baridi. Usiku lala nayo ndani ya mfuko.

Uzito mkubwa uko kwenye vitu vitatu: hema, mfuko wa kulalia na begi lenyewe. Kuna mabegi yanayofika kilo mbili na nusu yakiwa matupu! Hata hivyo usikimbilie kununua jipya. Punguza kwanza vya ndani, ndipo utajua unahitaji begi la ukubwa gani. Pia mko watatu, na naona kila mmoja kafungasha kana kwamba anakwenda peke yake. Hema moja la watu watatu, mmoja abebe turubai, mwingine nguzo na vigingi. Jiko moja na mtungi mdogo wa gesi, sufuria moja, huyo wa tatu. Hapo tu kila mtu keshatua kilo moja au zaidi.

Kigodoro cha povu usikiache. Manyoya au pamba ya mfuko iliyo chini yako hubanwa na mwili wako, hewa ikatoka, isikupe joto lolote, na ardhi huvuta joto usiku kucha. Mtu mwenye mfuko mzuri bila kigodoro huamka akitetemeka asijue kwa nini.

Nguo ni jozi mbili basi: ya kutembelea na ya kulalia. Ya kulalia haitembei, hata iweje. Ifunge kwenye nailoni, iguse hewa jioni tu. Asubuhi utavaa ile fulana yenye unyevu wa jasho la jana, utapiga kelele kidogo, na baada ya robo saa ya mwendo itakuwa imeshakaukia mwilini. Iwe ya sufu nyembamba au ya nailoni, si ya pamba. Soksi ya jana ifue mtoni bila sabuni, itundike nje ya begi kwa pini, jua likufanyie kazi huku unatembea.

Chakula kikavu gramu 600 hadi 700 kwa siku humtosha mtu wa kawaida. Chagua chenye mafuta: gramu 100 za karanga zina kalori zinazokaribia 600, ilhali matunda mabichi unabeba maji tu. Toa vitu kwenye maboksi, gawa mfuko mmoja kwa siku.

Maji ndiyo hesabu ngumu, maana lita moja ni kilo moja. Ulizeni vijito viko wapi, na kama bado vinatiririka msimu huu. Kama vipo, lita moja kutoka kijito hadi kijito na kichujio chepesi vinatosha. Ukichemsha, dakika moja ya kutokota, na juu ya mita 2,000 iwe dakika tatu. Kama njia ni kavu, bebeni, tena bila kunung'unika.

Mwaka 1955 Mmarekani Emma Gatewood, bibi wa miaka 67, alitembea peke yake njia nzima ya Appalachian, ile ya milimani mashariki mwa Marekani, kama kilomita 3,500, akiwa na mfuko aliojishonea, blanketi, na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga mvua. Sikutumi umwige, ila wewe unakwenda siku tatu. Chakula na maji vikiwemo, usivuke kilo 11.

SWALI: Mama, buti au raba?
Mguu Mmoja Ndani

JIBU: Begi likiwa jepesi na njia ikiwa imekanyagwa vizuri, raba zenye soli ya meno. Hukauka haraka, na uzito wa mguuni huchosha kuliko uleule ukiwa mgongoni. Theluji, mawe yanayoporomoka, au kifundo kilichowahi kuteguka: buti. Chochote utakachochagua, kitembelee wiki kadhaa kabla, na kucha uzikate.