Kwa vijana wanaotaka kutengeneza filamu ya muuaji wa kulipwa: ushauri kutoka Goma

Katika kila kundi la vijana wanaoanza kujifunza filamu hapa Goma hakosi mmoja anayekuja na senario, yaani hadithi ya filamu iliyoandikwa, ya muuaji wa kulipwa, na mimi simkatazi. Habari ya namna hiyo inamfaa anayeanza, kwa kuwa ina mtu mmoja, siri moja na gharama ndogo: muuaji huyo huishi peke yake, husema kidogo, na chumba kimoja chatosha kumweleza. Ninachomwomba ni kwamba kabla ya kushika kamera awakumbuke watazamaji wake. Katika mji huu zipo familia nyingi zilizopoteza baba, kaka au jirani kwa risasi za watu waliokuja usiku na ambao hawajajulikana hadi leo. Mtu wa mbali anaweza kuuchukua mlio wa bunduki kuwa pambo la hadithi, lakini mkaaji wa mitaa yetu ya Majengo au Ndosho anausikia kama jambo alilokwisha kulipitia. Kwa hiyo, wadogo zangu, onyesheni kazi ya mtu huyo na jinsi inavyomla mwenyewe, wala msimpambe kwa ushujaa ambao hana.

Filamu ninayowapa wanafunzi waitazame kwanza ni Le Samouraï ya Mfaransa Jean-Pierre Melville, iliyotoka mwaka 1967, ambamo Alain Delon anacheza muuaji aitwaye Jef Costello. Takriban dakika kumi za mwanzo zinapita bila mtu kusema neno. Tunamwona amelala kitandani akivuta sigara katika chumba cha rangi ya kijivu, pamoja na ndege mdogo ndani ya tundu; anavaa koti na kofia, anashuka, anaingia katika gari la Citroën ambalo si lake, anaweka pembeni kipete kikubwa cha funguo na kuzijaribu mmojammoja, uso wake ukitazama mbele kana kwamba hana haraka yoyote. Kisha anaingia gereji, fundi anabadilisha namba za gari, anampa karatasi za gari na bastola, na fundi huyo anapokea pesa, na bado hawajasemezana. Mauaji yenyewe, yatakapofika, hayachukui hata dakika moja. Tazameni mgawanyo huo wa muda na muuige bila haya: maandalizi yapewe nafasi kubwa, risasi ipewe nafasi ndogo. Ni katika maandalizi ndipo mtazamaji anapoelewa kwamba kuua kumekuwa kwa mtu huyu kazi ya kawaida, na hilo linatisha kuliko damu yoyote ya maji ya sukari na rangi.

Zoezi ninalopenda kuwapa ni kumpiga picha muuaji saa moja kabla ya kazi, akiwa peke yake, bila maneno. Kijana mmoja alileta picha ya mwanamume anayehesabu dola chini ya taa ndogo. Anazikagua noti pande zote mbili, moja baada ya nyingine, kama tunavyofanya sisi sote sokoni tukijua kwamba noti yenye mpasuko kidogo hakuna atakayeipokea. Anakuta moja imepasuka ukingoni, anaitenga, anaandika kitu kwenye kikaratasi na kukikunja pamoja nayo, tukaelewa kwamba atadai abadilishiwe. Katika picha hiyo hapakuwa na silaha, na sijaona mwanafunzi aliyeeleza vizuri zaidi kwamba uhai wa mtu umewekewa bei na kwamba mpokeaji wa bei hiyo anaogopa tu kupunjwa.

Mwangalieni pia shahidi, kwa sababu wanaoanza humsahau karibu kila mara. Katika filamu ya Melville yupo mwanamke mpiga piano wa klabu ya usiku, aliyekutana na Costello uso kwa uso akitoka kuua, na polisi wanapomuuliza anasema siye. Mhakiki wa Ulaya anaweza kuandika kurasa nyingi akitafuta sababu ya jibu hilo. Hapa kwetu mtazamaji hahitaji kufafanuliwa jinsi mtu aliyeona anavyoweza kusema hakuona, kisha akarudi nyumbani kulala na jambo hilo kifuani. Senario ikiwa na shahidi wa namna hiyo, mpeni muda, mpeni jiko lake, watoto wake na dirisha lake, kwani pengine filamu yenu ya kweli iko upande wake.

Msimwamini muuaji anapojisimulia. Richard Kuklinski, aliyekamatwa katika jimbo la New Jersey nchini Marekani mwezi wa Desemba 1986, alihukumiwa kwa mauaji mwaka 1988 na akafariki mwaka 2006 akiwa bado mfungwa. Akiwa gerezani alijigamba mbele ya kamera za televisheni kwamba ameua watu zaidi ya mia moja, na sehemu kubwa ya madai hayo haikuthibitishwa kamwe. Kabla ya kukamatwa aliishi na mke na watoto watatu. Anayeandika habari za mtu kama huyo na kuchukua majigambo yake yote kuwa kweli amekuwa msemaji wake bila malipo.

Kuhusu utendaji, nasema kwa mkazo wote: msitoke barabarani na bunduki ya bandia, iwe ya mbao au ya plastiki, hata kwa picha moja ya haraka. Pigeni picha hizo ndani, mchana, baada ya kumwarifu mkubwa wa nyumba kumi na chefu wa kata kwa barua, na majirani kwa mdomo. Bandia isafirishwe ndani ya mfuko uliofungwa na irudi mikononi mwa mtu mmoja aliyeteuliwa. Mlio na mwako viongezwe wakati wa montaji, yaani wa kuunganisha picha na sauti. Mara nyingi hamtauhitaji mlio kabisa: hatua za viatu juu ya mawe ya volkano katika kichochoro, zikikaribia na kusimama, zinatosha, na sauti hiyo tunayo bure katika kila mtaa uliojengwa juu ya lava ya mlima Nyiragongo ya mwaka 2002.

Siku ya kuonyesha filamu, waambieni watu mlangoni kwamba ndani yake kuna mauaji, wadogo wasiingie, na anayetaka kutoka katikati atoke bila kuulizwa. Jaribuni spika mapema mkiwa ndani ya ukumbi wenyewe, mshushe sauti ya risasi iwe chini ya sauti ya mazungumzo, na muwashe taa mara tu filamu inapokwisha.