Unaagiza nguo ya kushonwa mtandaoni? Anza na kitambaa

Ukiagiza nguo kwa fundi kupitia WhatsApp, hangaikia kitambaa kuliko mtindo. Kiuno kikibana na fundi aliacha nafasi kwenye mshono, atakiachia. Lakini kitambaa kikishakatwa, ukakuta ni chepesi mpaka nguo ya ndani inaonekana, hakirudi dukani.

Mimi naishi Iringa na nguo zangu nyingi nashonesha Dar es Salaam. Kwa hiyo fundi namwambia kwanza nguo nitaivalia wapi na mwezi gani. Yeye anashinda kwenye joto la Kariakoo, kitambaa kizuri kwake ni kile chepesi kinachopitisha hewa. Huku kwetu Juni na Julai asubuhi baridi inauma, na gauni la krepu nyembamba lisilo na bitana, yaani kitambaa cha ndani, halivaliki. Aliye Tanga au Dar, mwenye sherehe ya mchana, naye aogope polista nzito hata ikipendeza vipi. Hainyonyi jasho.

Picha ya dukani isikutoshe. Taa inaweza kuifanya nyeupe ionekane maziwa, na bluu iliyokoza ionekane nyeusi. Omba video iliyopigwa mchana, karibu na mlango, karatasi nyeupe ikiwa kando ya kitambaa. Karatasi ikionekana ya njano, jua rangi unayoiona siyo. Humo humo kwenye video muuzaji akifumbate kitambaa kwa nguvu kisha akiachie: kitani kitabaki na makunyanzi, polista itanyooka. Halafu aingize mkono nyuma ya kitambaa. Vidole vikionekana, panga bajeti ya bitana.

Majina nayo yanapotosha. Kila kinachong'aa huitwa hariri, na "pamba" ni neno la kuuzia. Mwombe fundi achomoe nyuzi chache pembeni azichome, mbali na jora lenyewe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Polista hujikunja, huyeyuka, ikipoa inabaki punje ngumu. Kwa kitenge cha waksi, geuza tu: rangi zinatakiwa zikolee karibu sawa pande zote mbili.

Kuna jambo la upana ambalo wateja wengi hawaulizi, na hapo ndipo hela inapopotea. Kitenge kwa kawaida kina upana wa inchi 45 hivi, wakati vitambaa vingi vya suti na krepu vinafika 58 au 60. Yadi 4 za kitenge zina eneo sawa na yadi 3 za kitambaa cha inchi 60. Usinunue yadi kwa kuiga alizonunua rafiki yako. Maua yakiwa makubwa ongeza kidogo, ili fundi apate nafasi ya kuyapanga, ua lisije likakatwa nusu kifuani.

Pamba ilowekwe, ikaushwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, kwa sababu mara nyingi hurudi ikifuliwa mara ya kwanza. Mafundi wengi hawaipendi kazi hii, inawachelewesha. Mimi huilipia, tena kwa moyo mmoja.

Na fundi akikwambia kile ulichochagua kimeisha ila kipo "kinachofanana nacho", omba video upya, ya mchana, kabla hajashika mkasi.