Parachuti imechelewa, bomba la roketi limechanika kama zipu: nibadilishe nini?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Niko Ohio, Marekani, na ninajiandaa kwa cheti cha Level 1 (kiwango cha kwanza cha kurusha roketi zenye nguvu kubwa). Roketi yangu ni ya bomba la karatasi ngumu lenye kipenyo cha sm 10.2, urefu mita 1.5, uzito gramu 1,420 ikiwa na injini. Nilitumia injini ya daraja la H yenye msukumo wa jumla wa niutoni-sekunde 200 hivi, wastani wa nguvu niutoni 130, kicheleweshi (muda kati ya injini kuzimika na parachuti kurushwa) cha sekunde 14 nilichokipunguza hadi 10. Ilipanda vizuri, ikapinduka, ikaanza kushuka pua chini, ndipo parachuti (sm 91) ikatoka. Kamba inayounganisha pua na bomba ni ya Kevlar (uzi imara usioungua kirahisi) nyembamba, mita 2. Ilichana bomba sm 22 kuanzia mdomoni. Marafiki wananiambia nilivike bomba faibaglasi. Nifanye hivyo?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Faibaglasi iache kwanza. Bomba lako halikuwa dhaifu; lilibebeshwa mzigo ambao halikupaswa kuubeba, na mzigo huo ulitokana na ile namba 10 ya kicheleweshi.

Nadhani najua ulivyoipata. Injini ya niutoni-sekunde 200 kwa wastani wa niutoni 130 huwaka kwa sekunde 1.5 hivi. Roketi ya uzito wako humaliza kuungua ikiwa na mwendo wa karibu mita 113 kwa sekunde. Ukigawanya 113 kwa 9.8 unapata sekunde 11.5 hadi kileleni, ukapunguza kidogo kwa tahadhari, ukasimama kwenye 10. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi mahali pasipo hewa. Bomba la sm 10 ni pana, na kwenye mwendo wa mita 100 kwa sekunde hewa inalirudisha nyuma kwa nguvu ya karibu niutoni 30, wakati uzito wa roketi yenyewe ni niutoni 13 tu. Breki kubwa kuliko mvutano wa dunia ni hiyo.

Hesabu inayofaa inahitaji kwanza mwendo wa kikomo, yaani mwendo ambao roketi hii ingeshuka nao pua chini bila parachuti mpaka hewa na uzito vilingane. Kwa gramu 1,320 (baada ya fueli kuisha) na mgawo wa ukinzani wa hewa wa 0.6, mwendo huo ni mita 66 kwa sekunde. Kisha:

muda wa kufika kileleni = (66 ÷ 9.8) × arctan(113 ÷ 66)

Kikokotoo kiwe kwenye radiani, si digrii. Watu wengi hukwama hapo. Jibu ni sekunde 7. Kwa hiyo parachuti yako ilitoka sekunde 3 baada ya kilele, roketi ikiwa imeshashika mwendo wa mita 28 kwa sekunde kuelekea chini.

Sasa angalia mwendo huo unafanya nini. Parachuti ya sm 91 ikifunguka kwenye mita 28 kwa sekunde huvuta kwa nguvu ya karibu niutoni 230, sawa na kuning'iniza kilo 23. Ikifunguka sekunde moja tu kando ya kilele, mwendo ni mita 10 hivi na mvuto ni chini ya niutoni 30, kama kilo 3. Nishati inayopaswa kumezwa hupungua karibu mara nane. Kamba ya Kevlar nyembamba huvutika kidogo mno, na ukingo wa bomba la karatasi ni kama mkate mbele ya uzi uliokazwa. Bomba la faibaglasi lingesalimika, ni kweli, lakini pigo lilelile lingehamia kwenye pete ya kushikia kamba au kwenye kitambaa cha parachuti.

Anza basi na kicheleweshi. Kifaa cha kutobolea cha mtengenezaji hupunguza sekunde 2, 4, 6 au 8, kwa hiyo kutoka 14 unaweza kupata 8 au 6, si 7. Chukua 6. Kuwahi kwa sekunde moja na kuchelewa kwa sekunde moja kunalingana kwenye karatasi, lakini uwanjani mambo mengi yanavuta upande mmoja: rangi yenye mikwaruzo, vishikizo vya reli ya kurushia, na upepo unaoinamisha roketi, vyote huleta kilele mapema kuliko hesabu. Kumbuka pia kwamba kicheleweshi chenyewe kinaruhusiwa kukosea kwa sekunde moja na nusu au asilimia 20, kipi kikubwa, hivyo usitafute usahihi ambao injini haiwezi kuutoa. Toboa kwa mkono, kifaa kikizungushwa taratibu mpaka kigote, kabla ya kutia baruti ya kurushia parachuti. Drili ya umeme isikaribie injini kabisa. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na injini ndiyo inayotawala. Ikitofautiana na maneno yangu, fuata karatasi.

Kamba yako ya mita 2 ni fupi mno. Kwa roketi ya mita 1.5 weka mita 6, mara nne ya urefu. Pua inaporushwa hutoka na mwendo wake, na kamba fupi inamaliza urefu kabla hewa haijapunguza mwendo huo. Tumia utepe wa nailoni wenye upana wa mm 12 au zaidi, kwa sababu nailoni hunyooka kidogo na upana wake haukati. Kama kamba inaanzia chini, kipande cha Kevlar kinafaa kubaki huko karibu na injini, ambako gesi ya moto ingeyeyusha nailoni, lakini kiishe sm 5 kabla ya mdomo wa bomba ili kisiuguse ukingo hata kikivutwa. Parachuti ifunge theluthi moja ya kamba kutoka kwenye pua, ili vipande viwili visigongane vikishuka.

Namna ya kupakia kamba ina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ikunje kwa mtindo wa herufi Z, mafungu ya sm 15, kila fungu likizungushiwa tepu ya karatasi mara moja tu. Kamba inapotolewa, tepu zinakatika moja baada ya nyingine, tap, tap, tap, na kila moja inakula sehemu ya pigo. Ukizungusha mara tatu tepu haikatiki, na umejitengenezea kamba fupi upya.

Tukija kwenye ukarabati: usigundishe ule mpasuko. Zungushia bomba karatasi nyeupe, ncha zake zikutane sawasawa, upate mstari ulionyooka, kisha kata angalau sm 2 chini ya mwisho wa mpasuko. Hapo una nafasi nzuri ya kuhamisha mahali pa kufungukia. Gundisha kwa epoksi kiungio (bomba fupi jembamba linaloingia ndani ya bomba kubwa) cha sm 20 ndani ya kipande cha chini, sm 10 zikiingia na sm 10 zikibaki nje. Juu ya kiungio weka kisahani cha plaiwudi ya mm 6 chenye pete ya chuma katikati na matundu manne ya mm 15 kuizunguka, gesi ipite. Kipande kipya cha bomba, chenye pua iliyofungwa kwa skrubu ndogo za plastiki, kinavikwa juu ya zile sm 10 na ndicho kinachobeba parachuti. Sasa kamba inaanzia katikati ya kisahani na haipiti kwenye ukingo wowote wa karatasi upande wa injini, ambako ndiko kwenye uzito mkubwa. Mdomo wa kipande cha juu ulishe supagluu nyepesi sm 5 kwa ndani, iache ikauke, piga msasa. Parachuti ifunikwe kwa kitambaa kisichoungua, kwa sababu kisahani hupunguza moto lakini hakiuzimi.

Hakikisha urefu unabaki mita 1.5. Ukiufupisha, kitovu cha uzito kinarudi nyuma, na unakitaka kiwe mbele ya kitovu cha mgandamizo wa hewa (pale nguvu ya hewa inapokusanyika) kwa angalau kipenyo kimoja, yaani sm 10.2, injini ikiwa ndani. Kitovu cha uzito usikikisie. Weka roketi iliyokamilika juu ya ukingo wa rula na utie alama pale inapolala sawa.

Ukarabati huu utaongeza kama gramu 90. Jambo la kufurahisha ni kwamba kicheleweshi hakibadiliki: roketi nzito hupata mwendo mdogo, lakini hewa nayo huipunguza polepole zaidi, na ukirudia hesabu unapata sekunde 7 zilezile. Kinachobadilika ni mambo mawili. Parachuti ya sm 91 sasa itaishusha kwa karibu mita 7 kwa sekunde, mwendo unaovunja mapezi kwenye ardhi kavu. Nunua ya sm 107, ikushushe chini ya mita 6. Na gramu 1,510 zinakuvusha mpaka wa gramu 1,500 ambao FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, imeuwekea Class 1, yaani daraja la roketi ndogo, kwa hiyo iruke tu kwenye uwanja wa klabu yenye kibali cha anga, na umwambie msimamizi uzito halisi kabla hajakuuliza.

Jambo moja la kukagua kwenye video yako. Zipu huweza pia kutokea mapema, mara tu injini inapozimika: kipande chenye mapezi hupigwa breki na hewa kuliko cha mbele, na roketi hujivua yenyewe kwenye mwendo wa mita 100. Kwako sivyo ilivyokuwa, kwa kuwa uliiona ikipinduka ikiwa nzima. Hata hivyo toboa tundu la mm 3 kwenye bomba la parachuti, hewa iliyofungiwa ipate pa kutokea roketi inapopanda, na upime kiungo: inua roketi kwa kushika kipande cha juu. Kisitengane kwa uzito wake. Kitengane ukiitikisa kwa nguvu mara moja. Kikilegea, ongeza tepu ya karatasi mzunguko mmoja na upime tena.

Siku ya cheti mkaguzi atataka roketi inayoweza kuruka tena bila kukarabatiwa, kwa hiyo zipu hata ya sm 3 inaweza kukunyima. Mpe mtu simu arekodi kuanzia kuwashwa. Baadaye hesabu kwenye video sekunde kutoka moshi mzito unapokatika hadi wingu dogo la baruti, na uangalie pua ilikuwa inaelekea wapi wakati huo. Ikiwa bado inatazama juu, chaguo lako la injini inayofuata ni 8.