Jedwali la maji haliujui upepo wa kaskazini

Usiende Jumamosi kwa mpango huo. Umeuliza kuhusu unene wa mshipi, rangi ya chambo cha plastiki, mahali pa kushushia boti na saa nzuri za kuvua, na katikati ya maswali hayo umeandika, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba alfajiri utaingia na boti ndani kabisa ya mafungu ya Christmas Bay, ghuba ndogo karibu na Galveston, Texas, utavua hadi jioni kwa kuwa jedwali la maji kujaa na kupwa linaonyesha maji yatajaa alasiri, na kwamba upepo utageukia kaskazini mchana lakini mvua haipo. Mpango huo niliufuata mimi Novemba, miaka sita iliyopita. Ulinigharimu mashine ya boti, na nusura unigharimu mtoto.

Nimekulia Chwaka, Unguja, ambako wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mtoto mdogo anayeutazama mwezi anajua siku gani atavuka kwa miguu na siku gani atahitaji ngalawa. Nilipohamia Houston nilidhani elimu hiyo inanitosha. Katika ghuba za Galveston maji hupanda na kushuka kwa kiasi kisichofika nusu mita siku za kawaida, kwa hiyo upepo una nguvu kuliko mwezi. Upepo wa kaskazini wa majira haya ukiingia, huyasukuma maji ya ghuba yatoke kwa mlango wa San Luis Pass kwenda bahari kuu, na jedwali haliwezi kukuonya, kwa sababu limekokotolewa kwa mwendo wa mwezi na jua peke yake. Linakuandikia kwamba maji yanajaa saa ile ile unapoyaona kwa macho yako yanaondoka. Isitoshe, Septemba na Oktoba bahari ya huku huwa juu kuliko miezi mingi ya mwaka, hivyo fungu ulilolizoea mwezi uliopita silo utakalolikuta Novemba.

Tulishusha boti saa 12 asubuhi, mimi na mwanangu aliyekuwa na miaka 11. Upepo ulikuwa wa kusini, wa vuguvugu, na maji yalikuwa mengi. Wale samaki wekundu wenye doa jeusi mkiani walikuwa wakila vichwa chini katikati ya nyasi bahari, mikia yao ikichomoza juu ya maji. Saa 7 mchana upepo uligeuka ghafla. Samaki hawakuacha kula, bali walizidi, nami nikakaa. Mwanangu ndiye aliyeuliza: "Baba, mbona chaza wale asubuhi hatukuwaona?" Nikamjibu kwamba maji yatajaa saa 10, kama jedwali lilivyosema. Alama ya unyevu kwenye chaza wale ilionyesha maji yameshashuka upana wa kiganja, na mimi niliitazama nikarudi kutupa mshipi. Nusu saa baadaye tulikuwa tumepwelewa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko yote. Badala ya kuruka majini mara moja na kusukuma boti kuelekea mkondoni wakati bado palikuwa na kitu cha kuelea juu yake, niliteremsha mashine na kuongeza mafuta. Rafadha ilichimba tope, pampu ya kupoza mashine ikavuta tope hilo badala ya maji, na kabla sijaelewa ile harufu ni ya nini, mashine ilikuwa imekufa. Nyuma yetu niliacha mtaro katika nyasi bahari, jambo ambalo sheria ya Texas inalikataza tangu 2013, na ambalo linaniuma hadi leo, kwa sababu kovu kama hilo huchukua miaka kupona na nyasi hizo ndizo zinazowalea samaki tuliowafuata.

Aliyeniuzia boti aliniambia, akinitazama usoni, kwamba inapita kwenye maji ya sentimita 20. Kuelea si kuondoka. Boti ile ilielea kwenye sentimita 20 ikiwa imezimwa, haina watu, mashine imeinuliwa. Ili iinue omo na kukimbia ilihitaji zaidi ya sentimita 60. Muuzaji wa miaka mingi pwani hii analijua hilo, na kumficha mtu anayemwona ana mtoto pembeni ni ukatili. Wewe umeandika kwamba boti yako "inahitaji maji kidogo tu". Nakuomba umuulize aliyekuambia hivyo: kidogo cha kuelea, au kidogo cha kuondokea?

Tulikaa pale hadi alfajiri. Simu ilishika, lakini niliambiwa hakuna boti ya rafadha inayoweza kutufikia, na kwamba tungojee boti ya feni, ile inayosukumwa na feni kubwa iliyo juu ya maji. Nilimfunga mwanangu kwa turubai na kumkumbatia, naye alikuwa amelowa hadi kiunoni. Kuelekea saa 9 za usiku alianza kujibu maswali yangu kwa kuchelewa. Sijui nikuandikie nini zaidi kuhusu saa hizo.

Tangu siku ile, kabla ya kuingia fungu lolote, naangalia saa ambayo upepo utageukia kaskazini, natoa saa mbili, na muda huo unapofika nimeshatoka, hata kama samaki wanakula. Usiku wa kuamkia safari fungua ukurasa wa NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, wa kituo cha San Luis Pass, ambapo mstari wa maji yaliyotabiriwa na ule wa maji yaliyopimwa huchorwa pamoja. Ule uliopimwa ukiwa chini ya mwenzake na bado unashuka, usiingie kabisa. Chukua upondo, na nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Jumamosi, kwa kuwa upepo umetabiriwa mchana, kaa ukingoni mwa mkondo tangu asubuhi, mahali ambapo fungu linadondokea kwenye kina. Maji yakianza kutoka, samaki nao watashuka hapo hapo, na wewe utakuwa bado una maji chini yako.