Mataji 13 ya UCLA, na kinyota nilichodhani ni urembo

Wadogo zangu mlioanza kazi ya takwimu muhula huu, rasimu zenu tatu za historia ya softiboli, mchezo ulio ndugu wa besiboli, ya UCLA, Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, nimezisoma. Zote zimetumbukia shimo lilelile nililotumbukia mimi. Jamani, hata ukingoni hamkusita?

1. Taji lihesabuni kwa mwaka wake, msikimbilie jumla. Nilipokuwa mgeni kama nyie, chuo nilichokuwa nikifanyia kazi kilikuwa kinawakaribisha UCLA, nikapewa ukurasa wa wageni kwenye kijitabu cha mechi. Nikachemsha chai, nikafungua matokeo ya fainali za NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, nikaweka tiki kila waliposhinda: 1982, mashindano ya kwanza kabisa, mpaka 2019. Nikapata 13. Mhariri akalinganisha na karatasi ya UCLA wenyewe: 13. Tukachapa.

Siku ya mechi mama mmoja mtu mzima akaja mezani, kidole kwenye orodha yangu. “Mwanangu, 1978 iko wapi?” Nikamweleza, tena kwa madaha, kwamba NCAA ilianza softiboli 1982, hivyo kabla ya hapo hapakuwa na bingwa. Akanitazama kama mtoto anayedhani mvua ilianza kunyesha siku aliyozaliwa yeye. Kumbe alicheza enzi za AIAW, chama kilichoendesha michezo ya wanawake vyuoni NCAA ilipokuwa bado haijishughulishi nayo. Mwaka 1978, UCLA ya kocha Sharron Backus ilitwaa ubingwa huo kule Omaha.

Nikauliza, mbona basi hesabu yangu imetimia? Kidole kikashuka taratibu mpaka 1995.

Mwaka ule UCLA waliifunga Arizona 4–2 fainali, ni kweli. Baadaye NCAA ikabaini kwamba wachezaji wa softiboli walipewa ufadhili wa masomo kupita kiwango, mwingine ukitoka fungu la soka, ikalifuta taji. Arizona nao hawakupewa. Kwa hiyo 13 ya UCLA ni 12 za NCAA na 1 ya AIAW. Yangu ilibeba taji lililofutwa, ikaliacha taji halali. Makosa mawili yakashikana mikono, yakatoa jibu sahihi! Na pale penye 1995 palikuwa na kinyota kabisa, alama ya kwamba taji hilo lina maelezo yake. Nilidhani ni urembo.

Nilikaa chini ya jukwaa nikifuta mwaka mmoja na kuandika mwingine kwa kalamu, kijitabu baada ya kijitabu, huku wachezaji wa UCLA wakipita kuomba nakala. Yule mama alinishikia boksi. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

2. Ubingwa wa 1992 msimpe kocha mmoja: Backus na Sue Enquist, mchezaji wa kikosi kile cha 1978, walikuwa makocha wakuu kwa pamoja.

3. Majina hubadilika. Kelly Inouye-Perez, kocha mkuu tangu 2007, kwenye kikosi cha 1990 mtafuteni kama Inouye, mdakaji.

4. Lisa Fernandez, mchezaji wa UCLA, anaingia majedwali yote mawili, la kupiga na la kurusha. Mwaka 1993 aliongoza Marekani nzima kwa wastani wa kupiga wa .510, yaani zaidi ya nusu ya mapigo yake yalifanikiwa, na kwa ERA, wastani wa pointi anazoruhusu mrushaji kwa mechi, ya 0.25. Sasa kuna mmoja wenu, simtaji, kaikata ile .510 akaandika pembeni “kosa la uchapaji?” Nimecheka hadi chai ikanipalia. Irudishe, mdogo wangu, kabla ya saa kumi.