Cheti cha huduma ya kwanza nilikua nacho, ila siku ya ubuyu niliganda

Dada mwenye uzi, umeuliza kama ukilipa laki mbili walezi wako watatu wakakaa semina ya huduma ya kwanza ya masaa matatu wakapewa vyeti itakua imetosha, maana afisa ustawi akija kukagua anataka kuona vyeti. Mimi nina dei kea huku Mbagala, Dar, mwaka wa nane sasa, ngoja nikwambie yaliyonikuta.

Vyeti tulikua navyo. Tulienda mimi na walezi wawili, ukumbi una kiyoyozi, jamaa anaonyesha picha ukutani kwa projekta, soda na maandazi juu, saa nane tushapiga picha na vyeti vyetu tumerudi. Kama miezi mitano mbele mtoto mmoja kaja na ubuyu kwenye begi, ule mwekundu wa kipakti, akamgawia mwenzie wa mwaka na nusu. Niko ofisini naandika risiti nasikia makelele, kutoka nakuta mtoto kaachama, sauti haitoki, midomo inageuka rangi, na mpishi kamtia kidole kooni anatafuta kokwa. Na mimi mwenye cheti nimesimama tu!! Picha ya kwenye projekta naikumbuka kabisa, ila mikono haijui ianzie wapi. Aliyemuokoa ni mlinzi, mzee ambaye zamani alikua kiwandani na huko walikua wanafundishwa kwa vitendo, akamnyakua akamlaza kifudifudi pajani kichwa kimeinamia chini, akampiga mgongoni katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja, pigo la nne kokwa hilooo. Mtoto akalia, na mimi nikalia.

Kumbe kile kidole cha mpishi ndo kilikua kinamuua. Kama kitu hukioni usiingize kidole, unakisukuma ndani zaidi. Hili nililijua baadae, tulipotafuta mkufunzi wa maana aliyekuja na midoli miwili ya mazoezi, wa kichanga na wa mtoto mkubwa, maana hawafanyiwi sawa. Chini ya mwaka mmoja ni mapigo 5 ya mgongoni, isipotoka unamgeuza unabonyeza kifua mara 5, tumbo hugusi kabisa, ini lake unaweza kuliumiza. Zaidi ya mwaka mgongoni 5, afu unamkumbatia kwa nyuma ngumi juu kidogo ya kitovu unavuta ndani kwenda juu, mara 5, unarudia hivohivo. Na kama anakohoa kwa nguvu muache akohoe, hapo anajisaidia mwenyewe. Akizimia akawa hapumui unamlaza sakafuni, mmoja anapiga simu, wewe unampulizia pumzi 5 kwanza ndo unaanza kukandamiza kifua, mara 30 afu pumzi 2, kifua kizame theluthi moja, mwendo wa 100 mpaka 120 kwa dakika. Pumzi zinaanza kwa sababu moyo wa mtoto mara nyingi unasimama baada ya hewa kukata, tofauti na mtu mzima. Mkufunzi alikua anatupigia makofi kama ya mchakamchaka tufuate, dakika mbili tu jasho linatoka. Hiyo huwezi kuijua kwa picha ukutani.

Kitu kingine ambacho semina ya kwanza hawakugusa kabisa ni yale tuliyotoka nayo majumbani. Chukua degedege. Mtoto homa imepanda anakakamaa macho yamegeuka, mlezi wangu mmoja (mama mtu mzima, nampenda sana) alikua anajua kwamba unamtia kijiko mdomoni asing'ate ulimi, afu usimpeleke hospitali haraka maana akichomwa sindano anakufa, kwao wanafukizia kinyesi cha tembo. Huyo huwezi kumwambia tu "ni makosa" ukaendelea na picha inayofuata. Mkufunzi alikaa nae karibu saa zima, akamuuliza ameona watoto wangapi, walikuaje, akamuelewesha kwamba hao waliokufa baada ya sindano walifikishwa wamechelewa, malaria imeshapanda kichwani. Sasa hivi ndo yeye anawafundisha wenzie: mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya karibu, mdomoni usiweke chochote, usimshike kwa nguvu, angalia saa kwenye simu, na hata ikiisha yenyewe hospitali anaenda siku hiyohiyo, ikipita dakika 5 ni mbio huku bado inaendelea.

Kuungua ni hivohivo, uji ukimwagika mtu anakimbilia dawa ya meno, asali, unga. Ni maji tu ya kawaida yanayotiririka dakika 20, na kama bomba limekata (Mbagala tunajuana) ni ndoo na kata unammiminia polepole. Barafu usiweke. Mafuta ya taa akinywa usimtapishe wala usimpe maziwa, yakirudi juu yanaingia kwenye mapafu, kimbiza hospitali. Na nani kawaambia muyaweke kwenye chupa za soda jamani.

Kwa hiyo usipeleke walezi tu. Peleka mpishi, mlinzi, dada wa usafi, dereva wa kibasi, maana mtoto hachagui apaliwe mbele ya nani. Sisi kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi watoto wakilala tunatoa mdoli tunajikumbusha dakika kumi. Na ukutani kuna namba za bodaboda wawili na bajaji moja wa karibu, nishaongea nao, ukisubiri ambulansi huku utasubiri sana.

Msalaba Mwekundu wana mafunzo, OSHA (wale wakala wa serikali wa usalama kazini) pia wanatoa, kaulize bei kwanza. Huyo wako wa laki mbili mpigie leo muulize anakuja na midoli mingapi na kila mtu atagusa mara ngapi. Akikujibu kuna video nzuri watawaonyesha, mwambie asante, utamtafuta.